Aliyecheza Nje

Mzee Dionisi wa Lipangalala alikuwa amejiandaa kumpokea Mzungu. Alikuwa ameazima uma kwa jirani, amemfunga mbuzi mbali asije akanusa suruali za watu, na amemkataza mkewe, Mama Yosefina, kutaja bei ya mpunga mbele ya mgeni, maana Wazungu wakisikia shida huanza kuuliza maswali. Binti yao Dativa alikuwa amewaeleza vizuri tu kwamba mchumba wake amezaliwa Kuba, ameishi Marekani, na sasa anafundisha vijana mchezo wa besiboli kwenye shule moja hapa Ifakara. Mzee alisikia Marekani. Mengine yalipita na upepo.

Jumamosi ikafika. Hodi ikapigwa, akaingia Mwalimu Evodius, ambaye ndiye mshenga, na nyuma yake bwana mmoja mweusi tii, mrefu, amenyoa kipara, begani ana kreti la soda. Mzee Dionisi akampita kwa macho, akachungulia mlangoni.

"Karibuni, karibuni. Na Mzungu mmemwacha wapi?"

"Ndiye huyu, mzee," akasema Evodius.

"Huyu? Si Mndamba wa Malinyi huyu?"

Ndivyo alivyokuwa jamani. Sokoni wanawake walimsemesha Kindamba, wafugaji walimsemesha Kisukuma, na kote alijibu kwa kutabasamu tu. Jina lake lilikuwa Lazaro, na hilo nalo Mama Yosefina alilishuku tangu mwanzo. "Lazaro yupi?" alimuuliza bintiye. "Yule wa vidonda au yule wa kaburini? Maana Biblia ina wawili na wote wana matatizo."

Wakaketi. Kochi lilikuwa limevalishwa vitambaa vipya. Shangazi Bibiana, dada mkubwa wa Mzee Dionisi, alikuwa amekuja kwa treni kutoka Mlimba, na bila shangazi hakuna binti wa ukoo ule anayetoka. Kreti likawekwa katikati. Sasa, kwa ukoo ule soda ya posa haiguswi mpaka neno lijibiwe; kuifungua ndiko kukubali. Lakini Shangazi Bibiana alikuwa ameshinda na kiu tangu stesheni ya Chita. Akachomoa moja, akang'oa kizibo kwa meno, akapiga funda.

"Dada!" Mzee akashtuka.

"Kiu haina ukoo, Dionisi. Endeleeni."

Evodius akasema yanayosemwa: kwamba wamepita wakaona ua, kwamba ua limewapendeza, kwamba wamekuja kuomba. Alisema vizuri, mwalimu yule, hana mshindani kwa maneno yasiyo na kazi. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia kochi la pili. "Sasa nataka nimsikie mwenyewe."

"Kwa mila, mzee, mimi ndiye mdomo."

"Mdomo nimeusikia. Nataka kusikia tumbo. Kijana, ulikuwa unafanya kazi gani huko?"

Kijana mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na mitano. Akasimama, akanyoosha shati. Kumbe kwa wiki kadhaa alikuwa anajifunza hotuba yake peke yake, kwa kamusi ya simu, kwa siri, ili amfurahishe Dativa. Hakumsikilizisha mtu. Laiti angemsikilizisha hata muuza karanga.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Shikamoo shangazi." Mpaka hapo alikuwa amefaulu. "Mimi, toka kijana, kazi yangu ilikuwa kucheza nje."

Shangazi Bibiana akashusha chupa mdomoni.

"Kucheza nje," Mzee akarudia taratibu.

"Ndiyo, baba. Nilicheza nje Kuba. Nikacheza nje Meksiko. Marekani nilicheza nje miaka mingi. Nilikuwa hodari sana. Watu walilipa kiingilio, wakaja kuniangalia."

Mama Yosefina akapiga ishara ya msalaba. Kama wewe si mtu wa huku, ujue tu kwamba mwanamume anayecheza nje ni yule mwenye mke ndani na mechi nyingine mtaani. Na ya kulipiwa kiingilio ndiyo kwanza ilikuwa inasikika bondeni.

"Niliiba pia," Lazaro akaendelea, uso umemng'aa. "Nilikuwa na mbio. Wananiona, wanajua huyu ataiba, na bado naiba. Hawakunikamata. Lakini sifa yangu kubwa ni hii: nilikimbia nyumbani. Nilikimbia nyumbani mara nyingi sana. Nikikimbia nyumbani, watu wote wanasimama, wanapiga makofi."

Akakaa, akangoja makofi.

Nyuma ya pazia Dativa alikuwa ameuma kona ya kanga. Yeye alijua kila neno lilikotoka, na angeweza kulieleza kwa pumzi moja. Lakini mwali wa posa hatoki mpaka aitwe; akitoka, ni yeye aliyejipeleka, na shangazi ndiye huyo hapo na soda yake. Akakaa. Akamwomba Mungu ampe Evodius akili.

Evodius anafundisha jiografia. Besiboli hajawahi kuitazama hata dakika moja. "Mzee, tusielewane vibaya," akasema. "Alikuwa anacheza nje kwa mkataba. Kihalali kabisa."

Mzee Dionisi akasimama. "Mwalimu, nakuheshimu. Mchukue mgeni wako. Na soda zenu mchukue."

Lazaro alisikia soda na mchukue, akadhani amepewa kazi. Akaruka kwa furaha, akalibeba kreti, akaelekea nalo jikoni. Mama Yosefina ilibidi amshike bega, amgeuze taratibu, amwelekeze mlangoni.

"Na hiyo moja, shangazi?" Evodius akauliza kwa unyonge, akiitazama chupa iliyofunguliwa.

"Hii siitoi," akasema Shangazi Bibiana. "Nimeshaitia mate."

*

Kreti la soda lililorudishwa halina pa kujificha. Likienda, watu wanapiga vigelegele; likirudi, watu wanahesabu chupa. Kutoka kwa Mzee Dionisi mpaka dukani kwa Sada ni mwendo mfupi tu, lakini mtaa mzima ulikuwa umeshatoa viti nje kusubiri vigelegele, kwa hiyo waliwaona vizuri Lazaro na mshenga wake. Bodaboda wa kijiweni wakazima pikipiki ili wasikose kitu.

"Vipi mwalimu, imekaaje?"

"Imeahirishwa," akasema Evodius, macho chini.

Sada mwenye duka hakuongeza huruma. Alitazama kreti, akatazama pengo la chupa moja. "Kreti pungufu sipokei. Nitalipanga vipi? Leta chupa tupu ndiyo tuongee." Wakarudi nalo. Lazaro akalisukuma chini ya kitanda chake kwenye nyumba ya walimu, na kabla hata jua halijashuka vizuri mtaa ulikuwa umeshampa jina jipya, Mcheza Nje. Alipopita, alipungiwa mikono kwa heshima ya ajabu, na yeye maskini akawa anawapungia.

Nyumbani kwa Mzee, Dativa alikuwa ametoka nyuma ya pazia mpaka uani akiwa na mwiko mkononi, na Mama Yosefina akarudi nyuma hatua moja.

"Sikupigi, mama. Shika ndimu hii. Nirushie."

"Nikurushie ndimu ya nini? Umechanganyikiwa?"

"Rusha tu."

Mama akarusha. Dativa akaichapa kwa mwiko, ikapaa, ikapita juu ya banda la kuku. "Sasa baba, huo ndio mpira wao. Kuna watu wanasimama karibu, na kuna watu wanasimama mbali kabisa, kule ndimu ilikoangukia. Hao wa mbali ndio wachezaji wa nje. Kazi yao ni kuungoja mpira na kuudaka. Ndiyo kucheza nje kwenyewe!"

Mzee akafikiri. "Kwa hiyo alikuwa analipwa kusimama."

"Kudaka, baba."

"Na asipopiga mtu mpira ukafika kule?"

"Basi anasimama."

"Nimesema mimi. Na wizi?"

"Ukiweza kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa mbio kabla hawajakuwahi, umeiba kituo. Na ukiuchapa mpira ukapotelea mbali, unazunguka vituo vyote mpaka pale ulipoanzia. Pale panaitwa nyumbani. Basi alitaka kusema hivyo tu."

Mama Yosefina akacheka mpaka akakaa chini. Aliwazia kiingilio, akacheka upya. Hata Mzee masharubu yalitikisika kidogo. Halafu yakatulia.

"Yaani unaondoka nyumbani, unazunguka, unarudi nyumbani?"

"Ndiyo, baba."

"Na yeye kwao amerudi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, na Dativa hakuwa mtu wa kumdanganya baba yake. Akasema. Kwamba Lazaro alipokuwa kijana wa timu ya taifa walisafiri kwenda mashindano nchi za watu, na asubuhi moja wenzake walipoamka kitanda chake kilikuwa kitupu. Alikwenda kutafuta ligi za kulipwa, akazipata. Miaka ya mwanzo asingeruhusiwa kurudi hata angetaka. Baadaye angeweza, lakini alishaona aibu. Mama yake alikufa, hakwenda kumzika. Aliyebaki ni dada yake mkubwa, Karidadi, na huyo akiona namba ya Lazaro kwenye simu hapokei.

Mzee Dionisi akaokota mwiko, akaufuta vumbi, akaurudisha jikoni mwenyewe. Aliporudi hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Dativa zaidi.

"Mwanangu, la kucheza nje nimelisamehe, ni lugha tu. Lakini hili si lugha. Mtu aliyemkimbia mama yake mzazi atashindwaje kukukimbia wewe? Na akikukimbia, mimi nimfuate nani? Nyumba gani nitapiga hodi? Akileta ndugu yake mmoja, mmoja tu, akasimama akasema huyu ni wetu, mimi sina neno. Bila hivyo, hapana."

Mkataba wa Lazaro pale shuleni ulikuwa unakwisha baada ya mavuno. Dativa alikuwa na miaka thelathini na minne, na mgahawa wake karibu na stesheni, na mwanamume mmoja ambaye siku ya kwanza alipoletewa wali maharage aliitazama sahani ile kama amekutana na ndugu. Hakutaka mwingine. Alilia jikoni, kwa sauti, asijifiche, na mama yake akakaa naye na kumwambia baba yako ni mgumu lakini hajakosea.

*

Lazaro alipoelezwa yote alicheka kwa lile la kucheza nje mpaka akashika meza. Kwa lile la nyumbani hakucheka. Jumatatu akavuka daraja la mto, akaenda Minepa, kwenye shamba la Mzee Dionisi, bila kualikwa.

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva na kwelea walikuwa wameshafika. Yeyote aliyelima bondeni anajua kazi ya kuamia ndege: unapanda kwenye dungu, ambalo ni kichanja cha miti juu ya nguzo, unashinda hapo kutwa na makopo yako na makelele yako, na ukizubaa muda wa kuvuta ugoro tu, jaruba zima limebaki makapi. Mzee Dionisi alikuwa juu ya dungu lake anavuta kamba ya makopo. Bega lake la kulia lilikuwa linamuuma tangu masika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuiba?"

"Nimekuja kucheza nje," akasema Lazaro, safari hii akijua anachosema. Akavua viatu, akaviweka kwenye kingo, akatembea kati ya majaruba mpaka mwisho wa shamba, kule mbali ambako makopo hayafiki na ndege wanajua hayafiki. Akafinyanga udongo kuwa madonge, akayapanga. Akasimama.

Mzee akamtazama. Mtu yule hakukaa, hakuongea na simu, hakuimba. Alitazama mbingu tu. Kundi lilipotokea upande wa mto, likiwa bado ni moshi mdogo, yeye alishaanza kutembea kwenda kule litakakotua. Akarusha. Donge likapita juu ya jaruba la kwanza, la pili, la tatu, likapasuka mbele ya pua ya kundi lile, na kwelea wakageuka wote pamoja wakaenda kwa jirani.

"Ala!" Mzee akasema peke yake.

Mchana jirani alikuja kulalamika. Hiyo ilimfurahisha Mzee kuliko kitu chochote mwaka ule. Akamwita Lazaro kivulini chini ya dungu, akampa maji.

"Kwa hiyo walikulipa kwa hili."

"Walinilipa, baba."

"Mimi nimelifanya tangu sina meno ya mbele. Hakuna aliyenilipa hata sumni. Wala hakuna aliyepiga makofi."

Lazaro akaweka kopo chini, akapiga makofi. Taratibu, kwa adabu, kama wanavyopiga kanisani. Mzee Dionisi akageuza uso upande wa mto, akajifanya anatafuta ndege.

"Sikia," akasema baadaye. "Kwa nini hukwenda kumzika mama yako?"

"Niliogopa dada. Niliogopa watu. Nilisema mwaka kesho. Halafu mwaka kesho nikasema mwaka kesho." Akajifuta uso kwa mkono wenye matope. "Nilikimbia nyumbani, baba. Hii siyo ya mpira."

"Najua siyo ya mpira."

*

Dativa alifika na chakula saa kumi, akawakuta wamekaa pamoja, akashukuru kimoyomoyo bila kuuliza kitu. Mzee akanyoosha mkono. "Simu yako inafika huko Kuba?"

"Kwa WhatsApp inafika. Lakini mtandao hapa—"

"Mtandao uko juu ya dungu. Huyo dada hapokei namba ya huyu. Yako haijui. Pandeni."

Basi wakapanda wote watatu, na dungu likalia chini ya uzito wa yule mtu wa Kuba. Huko kwa Karidadi ilikuwa asubuhi. Simu ikaita, ikaita, kisha ikatokea sauti ya mwanamke, kali, yenye usingizi.

"Ana umri gani?" Mzee akanong'ona, amefunika simu kwa kiganja.

"Sitini na nane."

"Kanizidi miaka miwili! Shikamoo dada!" akapiga kelele ndani ya simu. "Tafsiri."

Lazaro akakwama. Kikwao hakuna shikamoo. Akasema alivyofundishwa na Dativa kwamba neno hilo zamani lilimaanisha: kuna mzee hapa Afrika, anasema anashika miguu yako.

Karidadi akauliza jambo, na sauti ilikuwa imeshuka.

"Anauliza nani huyu mwenye adabu hivi. Anasema kwao adabu haikubaki hata kijiko."

"Mwambie mimi ni baba wa binti anayetaka kuolewa na mdogo wake."

Aliposikia mdogo wake, bwawa likapasuka. Maneno yalimwagika bila nukta, na Lazaro aliinamisha kichwa, amekaza macho kwenye miti ya dungu.

"Tafsiri," Mzee akasema.

"Anasema mimi mtoro. Anasema mama aliniulizia kila siku ya Mungu. Anasema jeneza lilibebwa na majirani, mtoto wa kiume hayupo. Anasema..." Akasita.

"Usiruke."

"Hapo kuna tusi, baba."

"Tafsiri na tusi."

Akalitafsiri. Dativa alitazama pembeni. Mzee aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akasubiri mpaka mwanamke yule amechoka na kupumua. "Sasa mwulize hivi. Huyu akija kumkimbia binti yangu kama alivyowakimbia ninyi, nipige hodi kwa nani?"

Lazaro akauliza. Inauma kumtafsiria mtu swali kama hilo ukiwa wewe ndiye mwenyewe. Jibu lilikuwa fupi.

"Anasema hajui. Anasema mtu ambaye hajarudi kwa mama yake, yeye hawezi kumsemea. Nirudi kwanza, nisimame kaburini, anione kwa macho. Halafu ndiyo atajibu."

Simu ikakatika yenyewe. Mzee Dionisi akamrudishia binti yake. "Dada yako ana akili kukuzidi. Wewe matanga ya mama yako hujayaanua. Kwetu mtu mwenye matanga hawezi kuoa, ndoa itaoza. Nenda."

"Baba!" Dativa akasema. "Mkataba wake unakwisha. Akienda, atarudi na nini?"

"Kama ni wa kurudi atarudi. Kama si wa kurudi, ni heri tujue sasa kuliko ukiwa na watoto watatu."

Dativa akamgeukia Lazaro. Macho yake yalikuwa makavu. "Nenda. Ila usiporudi, itakuwa baba alisema kweli, na atanikumbusha mpaka nizeeke. Hilo sitakusamehe."

"Nitarudi."

"Na hilo neno lako," Mzee akaongeza walipokuwa wanashuka. "Ukitoroka kwenu, umekimbia nyumbani. Ukienda kwenu mbio, umekimbilia nyumbani. Lile *li* ndilo lililokufukuzisha kwangu. Sema."

"Kukimbi... kukimbia-li."

"Kukimbilia."

"Kukimbi-li-a."

Alipanda basi la Dar es Salaam analisema hivyo hivyo, mpaka kondakta akamuuliza kama anaumwa.

*

Mavuno yakaja, ndege wakaondoka, Lazaro hakuonekana. Mwanzoni zilikuja picha: uwanja wa ndege, kisha mashamba ya miwa ambayo ungeapa ni ya Kidatu, kisha msalaba mweupe na mtu amepiga magoti. Baada ya hapo, kimya. Dativa alipiga, haikuita.

Mtaa nao haukosi la kusema. Kwenye mashine ya kukoboa walimwachia Dativa nafasi mbele ya foleni kama mfiwa, na hilo lilimuuma kuliko matusi. "Mwizi kaiba kituo cha mwisho," alisema mmoja, na wenzake wakacheka ndani ya kanga zao. Mama Yosefina akaacha kuuliza habari. Mzee hakusema nimekwambia. Alianza tu kwenda stendi kila alasiri, eti kuangalia bei ya majani ya chai, na kurudi bila majani ya chai. Dativa alipogundua hilo aliacha kumkasirikia baba yake, akawa anamhurumia.

Jumamosi moja Mzee alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai uani. Shangazi Bibiana alikuwa ameshuka kutoka Mlimba kuchukua gunia lake, na alikuwa amekaa anafukuza kuku. Kelele zikaanzia kijiweni kwa bodaboda, zikapanda na barabara. Pikipiki zikapiga honi. Mama Yosefina akatoka na unga mikononi.

Mtu alikuwa anakuja mbio, begani ana kreti la soda, chupa zinalia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake, mbali sana, Mwalimu Evodius anakokota miguu na koti la ushenga mkononi.

"Usikanyage mpunga!" Mzee akapiga kelele.

Lazaro akafunga breki kwenye ukingo wa turubai. Alikuwa amekonda. Mtaa wote ulikuwa umejaa kwenye ua wa miti, na Sada alikuwa ameacha duka wazi. Akashusha kreti, akahema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefanya nini huko?"

Lazaro akalamba midomo. Watu walitega masikio, maana habari ya lile *li* ilishajulikana mpaka Kibaoni.

"Baba, nimekimbi..." Akasimama. Akavuta pumzi. "Nimekimbilia nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwanza kule. Sasa hapa."

Mzee akatafuta leso mfukoni, na leso haikuwemo. Lazaro akatoa simu mpya, ya zamani ilikufa maji kule kwao, akaibonyeza, akaiegemeza juu ya kreti kati ya chupa mbili. Uso wa mwanamke mwenye nywele nyeupe ukatokea, kavaa hereni kama anakwenda kanisani. Akasema kwa Kiswahili kilichovunjika vunjika lakini kilichofika, "Shika-moo, baba."

"Aah, hapana, hapana, mimi ndiye mdogo!" Mzee akalia na kucheka pamoja. "Shikamoo wewe!"

Karidadi akasema yake, na Lazaro akatafsiri amesimama wima. "Anasema mimi ni wao. Anasema nimelia pale kaburini, ameona kwa macho. Anasema nikimkimbia Dativa, baba usisumbuke kupiga hodi kwa mtu. Atakuja yeye mwenyewe, na kandambili mkononi."

Karidadi akavua moja, akaionesha kwenye kioo cha simu. Mama Yosefina akapiga kigelegele kilichowatawanya kuku wote.

Dativa akaitwa. Kwa mila aliulizwa mbele ya wote, na shangazi ndiye aliyeuliza. "Unamjua mtu huyu?"

"Namjua," akasema Dativa, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. "Ni mwizi, ni mtoro, na alikuwa anacheza nje."

"Na sasa?"

"Sasa aingie ndani, shangazi, jua kali."

Mzee Dionisi akainamia kreti ili afungue ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Akasita. Lilikuwa kreti lile lile la siku ile, na lile pengo la chupa moja lilikuwa pale pale. "Kreti la posa pungufu," akanung'unika. "Hii si mila."

Shangazi Bibiana akaingiza mkono kwenye mkoba wake wa safari, akatoa chupa tupu iliyooshwa ikang'aa, akaipachika kwenye pengo. Ilikaa sawasawa.

"Halijapungua kitu, Dionisi," akasema. "Mimi nilijibu siku ile ile. Ninyi ndio mliochelewa."